Sheria ya Maji Isitegemee Mvua ya Jana

Miongoni mwa mambo ambayo sisi wananchi tumewaachia wataalamu peke yao ni sheria ya maji ya mito. Bomba likikauka tunalalamika, mafuriko yakizoa mazao tunalia, lakini ni wachache wetu wanaouliza: maji haya yanagawiwa kwa hesabu gani, na yanapopungua ni nani anayetangulizwa?

Tuutazame mto Ruaha Mkuu. Huanzia milima ya Mbeya na Njombe, ukapita bonde la Usangu penye mashamba ya mpunga, ukaingia ardhioevu ya Ihefu, kisha ukakata Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kuelekea mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Insafu inatulazimu tuseme kwamba sababu kubwa ni mikono yetu wenyewe, yaani mifereji inayochota maji huko juu kupita kiasi. Lakini hapo ndipo hoja yetu inapopata nguvu. Ikiwa mto ulishindwa kututosha mvua zilipokuwa na mwendo tuliouzoea, utatutosha vipi sasa, joto likizidi na misimu ikiwa haiaminiki?

Wala si ukame peke yake. Mwaka 2022 maji ya mto Ruvu yalipungua hata Dar es Salaam ikaingia katika mgao. Mnamo Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, ukazamisha mashamba na makazi. Yote mawili yametokea ndani ya miaka miwili.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina misingi mizuri. Imetanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, ikafuatisha mazingira, ndipo yakaja matumizi ya kiuchumi. Kasoro tunayoiona iko katika kibali. Mwenye shamba huandikiwa kiasi maalumu cha maji, kana kwamba mto wa kesho utakuwa kama wa jana. Maji yanapopungua, kibali hubaki vilevile mpaka itolewe amri ya kukipunguza, na amri aghalabu huja mambo yameshaharibika. Hapo katikati aliye juu hujaza majaruba yake, aliye chini akabakiwa na mchanga. Hiyo ni dhulma, hata kama karatasi ya huyo wa juu ina muhuri.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Kwanza, maji ya kunywa na maji ya kuuweka mto hai yatengwe kabla ya yote. Kinachobaki kigawiwe kwa mafungu, ili mto ukipungua wote wapunguziwe kwa uwiano. Pili, vibali vipitiwe upya kila baada ya muda uliowekwa, kwa vipimo vipya vya mto na makadirio ya hali ya hewa ijayo. Tatu, vipimo hivyo vibandikwe hadharani vijijini, asije mtu akaambiwa maji hayapo ilhali jirani yake anamwagilia.

Wako watakaosema kwamba mwekezaji anahitaji uhakika, na kibali kinachobadilika kitamkimbiza. Sisi tunauliza: kuna uhakika gani katika karatasi inayoahidi maji ambayo mto hauna? Anayejua mapema kwamba katika mwaka mkavu atapata nusu ya fungu lake anaweza kupanga ekari za kulima. Asiyejua hupanda zote, akapoteza zote.

Ndugu wasomaji, jumuiya za watumia maji zipo katika mabonde yetu, na mikutano ya vijiji ni haki ya kila mkazi. Tusiwaachie viti hivyo wenye mashamba makubwa pekee. Tuhudhurie, tuulize vibali vimetolewa vingapi na mto una maji kiasi gani. Maji ni amana, na amana isiyohesabiwa huliwa na mwenye nguvu.