STAA KUUZA MARK II YAKE NA SPEA ZAKE, KICHEKO CHA NINI?

Wiki hii mitandaoni kazi ilikuwa moja tu, kumcheka msanii mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni, wenye macho wameshamjua) aliyeposti gari lake analiuza. Siyo Range wala Prado. Ni Toyota Mark II, ile GX100, namba A, rangi ya silva, na pembeni ya gari kapanga spea kwenye turubai kama mama anayepanga mafungu ya nyanya: taa mbili za nyuma, saiti mira ya kushoto, rejeta, koili, bushi za mbele na taimingi beliti mpya kwenye boksi lake.

Basi. "Kafulia." "Mwisho wa bata." "Kesho anauza maiki." Mmoja akauliza kwa kejeli, kama gari ni zima spea za nini? Komenti yake ndiyo iliyopata laiki nyingi kuliko tangazo lenyewe.

Aliyeuliza hivyo hajawahi kumiliki gari la zamani hata siku moja. Au anamiliki na linamtesa. GX100 zilitoka kiwandani Japan kati ya mwaka 1996 na 2000, kwa hiyo hata ile changa kabisa ina zaidi ya miaka 20. Spea bado zipo, nenda Gerezani au Kariakoo utazipata, lakini orijino iliyotoka kwenye gari la Japan na ile ya kuigiza ni vitu viwili tofauti, na anayekuuzia anaapa kwa mama yake kwamba zote ni orijino. Mwenye gari mwenye akili akikutana na taa safi ya bei nzuri ananunua anaweka ndani, hata kama ya kwake bado inawaka. Na mjini hapa kila mtu anajua saiti mira inavyong'olewa usiku ukiwa umelala, asubuhi unaambiwa kaitafute hukohuko Gerezani ukainunue ya kwako mwenyewe.

Kwa hiyo lile turubai halikuwa dalili ya gari bovu. Jamaa alikuwa anaonyesha kwamba gari lilikuwa na mtu wa kuliangalia.

Halafu wachekaji wengi hawakusoma maelezo, waliishia kwenye picha. Pale chini kaandika injini ni 1G-FE, ile ya silinda sita ya cc 1,988, oili inabadilishwa kila kilomita 5,000 na risiti za fundi anazo. Kaandika pia AC inachelewa kupoza ukiwa kwenye foleni, kioo cha mlango wa nyuma kushoto kinagoma kushuka, bampa lina mkwaruzo. Kaandika kabisa kwamba gari linakunywa mafuta kuliko IST, asije mtu akashangaa.

Nani mwingine mjini anauza gari kwa mtindo huo? Tangazo la dalali linajulikana: "Gari kali, haidaiwi, ingia barabarani." Kumbe injini imeoshwa asubuhi ili uvujaji usionekane, na ndani kumemwagwa oili nzito kuficha moshi mpaka pesa ihesabiwe. Mwezi wa pili mnunuzi yuko gereji anashika kichwa, na namba ya dalali haipatikani.

Tena wanaomcheka wangepiga hesabu kidogo. Kuagiza gari la zaidi ya miaka 10 kutoka Japan kuja Tanzania kuna ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na Kenya wao gari likizidisha miaka 8 haliingii kabisa. Kijana mwenye milioni saba mkononi, anayetaka gari la kumpeleka mke kliniki na mzigo dukani, bandarini hana chake. Tegemeo lake ni gari ambalo tayari liko mtaani na mwenyewe alilitunza. Huyo ndiye aliyekuwa anaongeleshwa na lile tangazo, siyo watoto wa komenti.

Na hapa ndipo kicheko kilipoacha kuwa utani. Jamaa alitaja milioni saba na nusu pamoja na spea. Baada ya siku mbili za kuitwa kafulia, watu wakaanza kumfuata inboksi na milioni nne, wakimwambia waziwazi wanajua ana shida. Gari ni lilelile, risiti zilezile. Kilichoshuka ni jina la mwenye gari, na limemkata milioni tatu na nusu.

Ukweli usemwe, na yeye alijikoroga. Ile picha ya kukaa juu ya boneti na miwani na cheni ilikuwa ya nini? Mnunuzi anataka kuona chini ya boneti, hahitaji kukuona wewe juu yake. Angeweka picha za injini mwanzo, nusu ya zile kelele zisingekuwepo.

Lakini kuna wenzake wanaojulikana wanapiga picha na ndinga za kukodi za saa mbili, kisha wanarudi Sinza na bodaboda, kofia imeshushwa hadi puani. Hao wanaitwa mabosi. Huyu kaendesha gari lake miaka yote, halidaiwi na mtu, kadi ina jina lake, anataka kuliuza afungue studio ndogo, kaandika hivyo hivyo, na ndiye anaitwa masikini.

Kati ya komenti zote zile, mtu mmoja tu aliuliza taimingi beliti iliyomo ndani ilibadilishwa lini. Akajibiwa mwezi, mwaka na kilomita. Akauliza tena, gari linaonekana wapi na aje na fundi wake saa ngapi.