Tuulize Asili Zetu Kabla Wazee Hawajatutoka



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii napenda kuzungumza nanyi, wasomaji wapenzi, na hasa akina mama, juu ya jambo ambalo kila nyumba inalo lakini ni nyumba chache zinazolifungua: asili ya ukoo.

Aliyenifungulia mlango huu ni binti yangu mdogo. Mwalimu wake alimwambia aandike majina ya wazee wake, wanaume na wanawake, kadiri atakavyoyapata. Ya wanaume nilimtajia kwa fahari, fulani bin fulani, hadi baba wa sita, kama nilivyofunzwa na marehemu baba yangu. Tulipofika kwa wanawake ulimi ukanikwama. Mama yake babu yangu nilimjua kwa jina moja tu. "Binti nani?" akaniuliza. Sikuwa na jawabu. Tangu utotoni nimelisikia jina lile likisomwa katika hitima zetu, wala sikupata kujiuliza hata siku moja baba yake alikuwa nani.

Nyumbani kwetu tumelelewa tukiambiwa kuwa sisi ni Wakilifi. Msomaji wa Mombasa anaijua maana yake. Waswahili wa mji huu walijipanga katika mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe; na Tisa Taifa, yaani Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Ukiyatazama majina hayo utaona kuwa mengi ni majina ya miji. Wakilifi na Wamtwapa asili yao ni miji iliyo kaskazini ya kisiwa chetu, na mpaka leo magofu ya Mnarani yangali yakiliangalia hori la Kilifi. Wapate na Wafaza asili yao ni kisiwa cha Pate. Basi jina la taifa hukuonyesha mji wa kuanzia kuuliza. Haliendi mbali zaidi ya hapo, na wengi wetu tumeridhika kusimama hapo hapo.

Nikafunga safari kwenda Takaungu, alikozaliwa babu yangu, na anakoishi mpaka leo shangazi yangu, dada wa baba, aliyevuka miaka themanini. Nilimwamkia, nikamweleza nililolijia. Hakunijibu kitu. Alichukua bakora yake akaniambia, "Twende makaburini, mwanangu."

Kaburi la baba wa babu yangu nalijua tangu utoto. Limejengewa na lina maandishi. Shangazi akalipita. Akaenda hadi pembeni, penye mawe mawili ya matumbawe, moja kichwani na moja miguuni, yasiyo na harufi hata moja. "Huyu ndiye nyanya yangu," akasema. "Aliletwa hapa mtoto mdogo, akanunuliwa. Babu yangu alimweka suria, akamzalia baba yangu. Mimi nimemwahi. Akinilaza akiniimbia kwa lugha ambayo hata baba yangu hakuifahamu."

Nikamuuliza kwa nini hatukuambiwa. Akajibu, "Babako alijua. Alichelea mtakosa wachumba."

Hapa sina budi kukumbusha historia ya kijiji, kwa kuwa bila yake habari ya mtu mmoja haifahamiki. Baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, baadhi ya Mazrui walihamia Takaungu, na wengine Gazi. Katika karne ile mashamba ya nafaka ya Takaungu na Malindi yalilimwa kwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao wakitoka upande wa Ziwa Nyasa. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu ila mwaka 1907. Huo si wakati wa mbali. Shangazi yangu amelala mapajani mwa mtu aliyeuishi.

Neno lile la wachumba lilinichoma, nami nitawaeleza sababu yake bila kujisitiri. Miaka michache iliyopita kijana mmoja mwenye dini na kazi ya halali alikuja kumposa binti ya dada yangu. Wazee tulikaa barazani. Mmoja akasema, "Huyu asili yake haijulikani." Akakataliwa. Hakuna aliyetaja neno mtumwa, lakini hakuna ambaye hakulifahamu. Mimi, ninayesomesha watu dini, nilikuwapo, nami nikanyamaza. Kumbe asili isiyojulikana ilikuwa imelala pembeni mwa makaburi yetu wenyewe.

Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Sisi tuliiacha asili yetu ili tusiitwe watumwa.

Sheria ya dini yetu katika jambo hili iko wazi. Mtoto aliyezaliwa na suria na bwana wake ni huru, na nasaba yake kwa baba ni kamili kama ya ndugu zake. Na mama yake huwa huru bwana wake afapo. Bibi Hajar, mama wa Nabii Ismail (A.S.), alikuwa mjakazi. Bibi Maria, mama wa Ibrahim mwana wa Mtume (S.A.W.), alitoka Misri kwa hali hiyo. Ama habari ya kufu ambayo watu huishika sana, wanazuoni wameitaja kuwa ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wanaweza kuiacha. Haikuwa sharti la kusihi ndoa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimwoza Zaynab binti Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Katika Surat al-Hujurat tumefunzwa kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni aliye mchamungu zaidi.

Basi mtu anaweza kuuliza: ikiwa ubora ni uchamungu, tuitafutie nini asili? Jibu ni kuwa Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze katika nasaba zetu yale yatakayotuwezesha kuwaunga jamaa zetu, na akakemea kujifaharisha kwa nasaba na kuzitia dosari nasaba za wengine. Na katika Surat al-Ahzab tumeamrishwa kuwaita watu kwa baba zao wa kweli. Kwa hivyo yule anayejizulia ukoo wa mbali ili atukuzwe, na yule anayemfuta nyanya yake ili asidharauliwe, wote wawili wameikosa amana.

Tena yako mambo mawili ya lazima ambayo hayaendi bila elimu hii. La kwanza ni mirathi. Shamba la mzee aliyekufa miaka sitini nyuma, likiwa halijagawanywa, kadhi hawezi kuligawanya mpaka ajue ni nani walikuwa hai siku ile, na ni nani alitangulia kufa baada yake, mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi anayekosekana katika hesabu ni mwanamke, na haki yake hupotea pamoja na jina lake. La pili ni kunyonya. Mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa madhehebu yetu ya Shafi, amekuwa mwana wa yule mama na ndugu wa wanawe, na ndoa baina yao ni haramu. Jambo hili haliandikwi katika ofisi yoyote. Wanaolijua ni wanawake wazee peke yao, na kila mmoja anapozikwa, huzikwa na daftari lake.

Namna ya kuuliza ni hii. Usianze kwa kumtaka mzee akupangie vizazi. Atachoka na atachanganya. Muulize nyanya yako alilelewa na nani, nani alimsinga na kumpamba siku ya harusi yake, nani alikuwa kungwi wake, nani alimnyonyeshea wanawe alipokuwa mgonjwa, na kaburi gani huzuru. Omba usomewe majina yanayotajwa katika hitima za nyumbani, na kila jina uulize ni nani. Kisha nenda kijijini na mtu mzima wa huko, uonyeshwe makaburi, visima, viwanja na msikiti, na uulize ni nani alivitoa wakfu. Hapo tena ndipo karatasi zitakapokufaa: madaftari ya ndoa na talaka kwa kadhi, hati za wakfu, na madai ya ardhi ambayo wenyeji wa pwani walianza kuyapeleka serikalini chini ya sheria ya mwaka 1908. Andika ulilosikia, jina la aliyekwambia na tarehe. Pasipo jina, acha nafasi. Usiijaze kwa dhana.

Na ukikuta jambo la kuumiza, usilitangaze kwa jirani, wala usilifute. Ya nyumba nyingine si yako kuyasema.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa mama yake yule kijana nikamtaka radhi. Alinipokea kwa heshima, akanipa kahawa, akaniambia mwanawe alikwisha oa kwingine na ana mtoto. Binti ya dada yangu bado yuko nyumbani. Radhi niliyopewa naishukuru, lakini jambo lenyewe halirudi.

Binti yangu alipouliza aandike nini mbele ya jina la nyanya yetu, nilimwambia aandike "wa Takaungu", kisha aache nafasi ya baba yake. Akaniuliza kama mwalimu atamkata alama. Nikamwambia huenda, lakini aiache vivyo hivyo.

Ijumaa hii, baada ya swala, kaeni na mzee mmoja wa nyumba yenu mkiwa na daftari. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotutangulia, wenye kaburi lenye maandishi na wasiokuwa nalo, na atujaalie kuwa wenye kuunga jamaa.