Mtoto akigonga kichwa, jibu lako ni sehemu ya kipimo

Jumamosi iliyopita dada yangu alinipigia simu akilia. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alikuwa ameanguka kitandani na kugonga kichwa sakafuni. Hospitalini, daktari wa dharura alimpapasa mtoto kichwa, akamtazama macho, kisha akamuuliza mama maswali mengi. Dada alitaka CT-Scan, akaambiwa wasubiri kwanza.

“Wanatubania kipimo,” aliniambia kwa hasira.

Sikumlaumu. Wengi tunaamini mashine kubwa ndiyo uchunguzi kamili. Ni kweli, CT-Scan huonyesha kwa dakika chache damu inayovuja ndani ya fuvu, na huokoa maisha. Lakini hutumia mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, na mionzi hiyo huongeza kidogo uwezekano wa saratani baadaye, hasa kwa watoto.

Nani basi anaihitaji? Mwaka 2009, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Marekani uliohusisha watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa. Hapo ndipo ulipotoka mwongozo unaowasaidia madaktari kuamua. Kwa mtoto chini ya miaka 2, daktari huangalia haya:

- Yuko macho na anaitikia vizuri?
- Kuna dalili ya fuvu kuvunjika?
- Ana nundu kisogoni, utosini au ubavuni mwa kichwa?
- Alipoteza fahamu kwa sekunde 5 au zaidi?
- Ameanguka kutoka juu zaidi ya sentimita 90, au amepata ajali nyingine kubwa?
- Mzazi anaona mtoto yuko kama alivyomzoea?

Swali hilo la mwisho hakuna mashine inayoweza kulijibu. Kwa hiyo sema ukweli wote: ameanguka saa ngapi, kutoka wapi, alilia papo hapo, ametapika? Usifiche hata kama alianguka mikononi mwako. Na daktari akisema picha inahitajika, usikatae.

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani, mrudishe hospitali haraka akitapika mara kwa mara, akiwa mgumu kuamka, akipata degedege, au akitoka damu au majimaji puani au masikioni.

Mpwa wangu aliangaliwa kwa saa 4. Akanyonya, akacheza, wakarudi nyumbani bila picha. Usiku dada alinitumia ujumbe: “Kumbe yale maswali ndiyo yalikuwa kipimo.”