Nondo Imekatikia Wapi?

Neno la Mhariri

Nguvu ya nondo ya nyuzi haijulikani mpaka ijulikane kwanza nondo hiyo ilishikwa vipi ilipovutwa. Hoja hii, ambayo huenda ikamshangaza mhandisi aliyezoea chuma, ndiyo inayofungua toleo hili, kwa kuwa upande wa bara wa Changamwe, jijini Mombasa, kuanzia Chaani na Port Reitz hadi Kipevu, ni mahali ambapo zege huishi jirani na chumvi: upepo wa bahari huileta, na maji ya kisima yenye chumvi, yakitumiwa kuchanganyia, huifikisha hadi kwenye chuma chenyewe. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huvimba, hulipasua zege na kuifungulia chumvi njia pana zaidi. Nondo za nyuzi, yaani vijiti vya nyuzi nyembamba za kioo zilizolazwa sambamba na kugandishwa kwa resini, haziingii kutu, na uzito wake ni kama robo ya uzito wa chuma. Pwani haitaziona ngeni, kwani ni jamaa wa faiba inayoundiwa mashua.

Mashaka huanzia kwenye mashine ya kuvuta. Chuma hushikwa kwa kabari zenye meno, na kadiri mashine inavyovuta ndivyo meno yanavyozidi kuuma; chuma hulegea kidogo chini ya meno hayo, kikayapokea, na kipande kikakatikia katikati. Nondo ya nyuzi haina ustahimilivu huo. Ikivutwa kwa urefu wake ina nguvu nyingi, lakini ikibanwa ubavuni resini hupondeka, na nyuzi za nje hukatika kabla za ndani hazijabeba fungu lao la mzigo. Mvuvi anajua kwamba kamba hukatikia kwenye fundo, na kwamba kukatika huko ni ushahidi juu ya fundo zaidi kuliko juu ya kamba.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Nondo ya milimita 16 yenye nguvu ya megapaskali 800, yaani newtoni 800 kwa kila milimita ya mraba, haikatiki mpaka ivutwe kwa takriban kilonewtoni 160, ambazo ni sawa na uzito wa tani 16 hivi, na mzigo huo wote hauna budi kupitia kwenye ngozi ya nondo. Ukipitishwa katika mataya ya milimita 80, kila milimita ya mraba ya ngozi hukwaruzwa kwa newtoni 40. Ukipitishwa katika mshiko wa milimita 500, mkwaruzo hushuka hadi newtoni 6 na kitu. Ndiyo maana kila ncha ya nondo huvishwa neli nene ya chuma, neli ikajazwa saruji inayofura au resini iliyotiwa mchanga, na mashine ikashika neli badala ya nondo. Saruji hiyo ni ile ile inayotumiwa kupasulia miamba pasipo baruti. Ikifungiwa ndani ya neli haina pa kwenda, hivyo huikumbatia nondo kwa shinikizo lililo sawa pande zote.

Hapa joto la Mombasa lina neno lake. Saruji inayofura hutengenezwa kwa kufuata joto la mahali itakapotumika, na iliyokusudiwa nchi za baridi ikimiminwa penye nyuzijoto 30 huweza kuchemka na kufoka nje ya neli. Resini nayo, katika joto hilo, huanza kuganda mapema, pengine kabla fundi hajamaliza kuinyoosha nondo katikati ya neli. Nondo iliyokaa upande hupindwa huku ikivutwa, na matokeo yake hayafai. Urefu nao ni kikwazo. Kiwango D7205 cha shirika la ASTM la Marekani, kilichotolewa mara ya kwanza 2006, kinataka sehemu iliyo wazi kati ya neli mbili isipungue mara 40 ya kipenyo, hivyo nondo ya milimita 16 yenye mishiko ya milimita 500 huhitaji zaidi ya mita moja na nusu, na mashine iliyonunuliwa kwa vipande vifupi vya chuma haiwezi kuimeza.

Wapo wanaosema kwamba mshiko mbaya hauna hatari, kwa kuwa hupunguza namba na namba ndogo humlinda mjenzi. Jarida hili halikubaliani nao. Namba ndogo isiyo na maelezo haitenganishi nondo mbovu na mshiko mbovu: muuzaji wa nondo mbovu atasingizia mataya, na mnunuzi wa nondo nzuri atazirudisha bure. Kinachotenganisha ni mahali pa kukatika. Nondo iliyoshikwa sawasawa hupasukia katikati, nyuzi zikachanua mfano wa ufagio wa chelewa, ilhali iliyochomoka kwenye neli au kukatikia mdomoni mwake imepima kitu kingine kabisa. Kwa sababu hiyo, kuanzia toleo hili, makala itakayoletwa na namba za mvuto bila kueleza aina ya mshiko, urefu wake na mahali kila kipande kilipokatikia itarudishwa kwa mwandishi.