Bath si Mji wa Kuogea Tu

Katika mjadala wetu wa muhula uliopita mwenzangu mmoja alisimama akasema ya kuwa mwanafunzi wa Afrika hana haja ya kujisumbua na habari za mji wa Bath, Uingereza, kwa kuwa ni mji wa matajiri waliokwenda kuoga. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupata nafasi ya kusema, basi namjibu hapa.

Kwamba ulikuwa mji wa matajiri, sibishi. Maji yake hububujika toka ardhini yakiwa na joto la digrii 46 hivi, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Warumi walijenga hapo hekalu na birika kubwa la kuogea katika karne ya kwanza. Katika karne ya 18 wakaja mabwana na mabibi wa Kiingereza, wakisema wanatafuta dawa ya baridi yabisi. Lakini wengi wao, nadhani, walifuata kamari na dansi. Msimamizi wa starehe zao, Richard Nash, alikataza wanaume kuvaa panga mjini. Yeye mwenyewe aliishi kwa kamari, akafa maskini mwaka 1761.

Watalii husifu nyumba za mawe ya rangi ya asali. Fedha je, zilitoka wapi? William Beckford, aliyehamia Bath mwaka 1822 na kujenga mnara kilimani, alikuwa amerithi mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Hapo tu mwenzangu angalikwisha kukiri ya kuwa habari hizi zatuhusu.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1935 Mussolini, aliyejidai kufufua dola ya Warumi, aliishambulia Uhabeshi, akatumia hata hewa ya sumu. Mfalme Haile Selassie aliondoka nchini mwaka 1936, akaenda Geneva kuyashitakia mataifa, nayo hayakumwokoa. Kisha akakaa Bath, katika nyumba iitwayo Fairfield, hadi mwaka 1940. Tazameni ajabu hiyo: aliyefukuzwa na majeshi ya Roma alipata hifadhi katika mji wa mabirika ya Warumi! Aliishi humo kwa shida ya fedha, akingoja. Mei 5, 1941, aliingia tena Addis Ababa.

Najua ya kuwa utawala wake ulikuwa na makosa mengi, na ya kuwa aliangushwa mwaka 1974. Hayo ni mjadala mwingine. Nyumba ile aliitoa kwa mji wa Bath mwaka 1958, iwafae wazee. Mgeni aliyekaribishwa alilipa kwa ukarimu kuliko wengi waliokwenda huko kuoga.

Mimi nikijaliwa kufika Bath nitaanza na nyumba hiyo. Birika la Warumi litaningoja.