Mabinti zetu na mazoezi: moyo na mapafu ni amana

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kusema na wazazi wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mkabala na Mkoani, Pemba, na kupitia kwao wazazi wa visiwa vyetu vyote. Binti wa miaka minane hukimbia pwani pamoja na kaka zake. Afikapo miaka kumi na miwili huambiwa, "Umeshakuwa mkubwa, kaa ndani." Kaka yake huendelea na mpira. Nia ya mzazi ni stara, na stara ni wajibu. Je, stara inamtaka binti akae kitako?

Tuutazame mwili wenyewe. Moyo ni msuli, na msuli hupata nguvu kwa kutumika. Binti anayezoea mazoezi ya kumfanya atwete, moyo wake husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ndiyo maana apumzikapo mapigo yake huwa machache. Mapafu hukua pamoja na mwili, wala mazoezi hayayaongezi sana ukubwa. Lakini misuli ya kuvutia pumzi huimarika. Faida hizi msichana huzipata kama mvulana, na akiacha mazoezi hupungua ndani ya wiki chache. Nasi humkalisha wakati ule ule ambao viungo hivyo bado vinakua.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Takwimu za mwaka 2016 zilionyesha kuwa asilimia 85 ya wanafunzi wa kike duniani wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho. Wavulana walikuwa asilimia 78.

Wapo watakaosema kuwa kuteka maji na kutwanga kwatosha. Kazi hizo zina faida, hatukatai. Lakini jikoni binti huvuta moshi wa kuni unaoyadhuru mapafu yale yale, na kazi hizo pekee hazimpatii kila siku muda wa kutosha wa kutweta.

Ama kwa upande wa sharia, Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kuwa alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini akamshinda, baadaye alipoongezeka mwili, Mtume akamshinda. Basi mbio zenyewe si aibu kwa mwanamke. Kinachohitaji kuangaliwa ni mavazi, mahali na mchanganyiko. Hata FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014.

Kwa hiyo tunanasihi: skuli itenge saa ya wasichana peke yao, chini ya mwalimu wa kike, kwa mavazi mapana. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yapunguzwe. Binti anayeumwa kifua, kuzimia au kuchoka upesi kwa upungufu wa damu apelekwe kwanza hospitali.

Watoto ni amana, na tutaulizwa juu yao. Tusiwalinde kwa njia itakayowadhoofisha.

Wabillahi tawfiq.