Takwimu za Joto Zisitupotoshe Kuhusu Malaria

Kinoo kuna baridi, na ni nadra mkaazi mwenye homa ambaye hajasafiri kupatikana na malaria. Kericho nako ni nyanda za juu, lakini malaria ilirudi huko kwa kishindo miaka ya 1990. Je, ni joto?

Mwaka 2002 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba joto halikuwa limebadilika. Lakini hawakutumia kipimajoto cha Kericho. Walitumia makadirio ya ramani yenye miraba ya takriban kilomita 50, ambamo bonde na mlima huingizwa katika wastani mmoja. Mwaka 2011, vipimo vya kila siku vya miaka 30 kutoka kituo cha Kericho chenyewe vilionyesha joto likipanda kwa takriban digrii 0.2 kila miaka 10. Sisemi joto pekee ndilo la kulaumiwa. Klorokwini nayo ilikuwa imeshindwa.

Wanafunzi wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Nairobi wahimizwe, kabla ya kuchora mstari wowote, kuuliza kipimajoto kilikuwa wapi, kama kiliwahi kuhamishwa, na siku ambazo hazikuandikwa zilijazwa vipi. Hesabu zao ndizo zitakazoamua dawa na vyandarua vipelekwe wapi.